Kufunga fleya na rimu pana kwenye Datsun 240Z ukiwa Mtwara

Gari lililonifundisha kazi hii liliingia uani kwetu, mtaa wa Shangani hapa Mtwara, likiwa limeshakatwa. Mwenye gari alizipenda fleya, yaani kingo pana zinazofungwa juu ya tao la gurudumu ili kufunika rimu pana, akazinunua, akamtafuta mtu wa kukata bati na kuzifunga, kisha ndipo akaanza kuulizia rimu. Rimu alizopata zilizama ndani. Kwa nje tairi lilikuwa limeingia vidole viwili nyuma ya ukingo wa fleya, na kwa ndani lilikuwa likisugua kikombe cha springi kila gari lilipopanda tuta. Bati lilikuwa limeshakwenda, na bati likikatwa halirudi. Tulitumia wiki tatu kurekebisha kitu ambacho kingepimwa kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: rimu kwanza, kisha tairi, kisha kipimo, na mwisho kabisa fleya. Atakayekuambia uanze na fleya msikilize kwa heshima, halafu usimfuate.

Naandika kuhusu 240Z, gari la michezo la Nissan lililouzwa kwa jina la Datsun, kwa sababu ni gari lenye historia kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 wakashinda tena Shekhar Mehta na Lofty Drews. Fleya zenyewe si uhuni wa vijana wa leo. Mwaka huohuo wa 1971 Nissan walitoa Japani toleo la 240ZG lenye pua ndefu na fleya za kufunga kwa skrubu, na upana wa gari ukatoka milimita 1,630 hadi 1,690. Yaani milimita 30 tu kila upande. Kumbuka namba hiyo utakapoonyeshwa fleya za milimita 80 zinazotaka gari lenye injini na breki nyingine kabisa. Mengi ya nitakayoeleza yanafaa pia kwa Celica au Escort ya zamani, mradi upime upya kila kitu.

1. Kagua bati kabla ya kutoa hela

Hapa tunaishi na chumvi. Upepo wa kusi huitoa baharini na kuilaza juu ya kila chuma, na gari linalolala nje Shangani au Mikindani haliliwi na chumvi mara moja kwa mwaka, linaliwa kila usiku. Kwenye 240Z kutu hupenda kuanzia ukingo wa tao la gurudumu la nyuma, mahali bati la nje na bati la ndani yalipobanwa pamoja kiwandani. Maji huingia katikati ya mabati hayo mawili na hayana njia ya kutoka.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, uipitishe taratibu kuzunguka tao. Ikishika kwa nguvu, pana chuma. Ikidondoka, pana puti, yaani ujazo wa kuficha bati lililoharibika. Kisha ingia chini na bisibisi, ubonyeze kwa ndani. Bati zima hulia; bati lililooza hunyamaza na bisibisi huzama. Ukikuta limeoza zaidi ya eneo litakaloondolewa kwenye kukata, kazi yako si fleya tena. Ni kuweka bati jipya kwanza. Kufunika kutu kwa fleya ni kuificha isionekane huku ikiendelea kula.

2. Pima nafasi, ndipo uchague rimu

Gari lisimame mahali pa usawa, likiwa na springi zake na urefu wake wa kawaida. Pandisha kona moja kwa jeki, weka stendi, toa gurudumu, kisha rudisha habu (kitovu kinachobeba gurudumu) kwenye urefu wake wa kusimama kwa jeki ya pili chini ya mkono. Weka rula ndefu ya chuma ikiwa imelala kwenye uso wa habu. Pima vitu viwili: kutoka uso huo kwenda nje hadi usawa ambao ungependa tairi liishie, na kutoka uso huohuo kwenda ndani hadi kitu cha kwanza utakachogonga, ambacho kwenye 240Z huwa ni shokapu au kikombe cha springi juu yake. Rudia kona zote nne na uandike. Gari la miaka hamsini halina pande mbili zinazolingana. Tofauti ya milimita tano kati ya kulia na kushoto ni jambo la kawaida.

Sasa ofseti. Ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye habu. Ikiwa chanya, rimu inaingia ndani. Ikiwa hasi, inatoka nje. Tuseme una rimu ya 5J (upana wa inchi 5) yenye ofseti 10 na unataka kuweka ya 8J yenye ofseti 0. Nusu ya inchi 5 ni milimita 63.5, toa 10, kwa hiyo ya zamani inatoka nje milimita 53.5. Nusu ya inchi 8 ni 101.6, na ofseti ni 0, kwa hiyo mpya inatoka 101.6. Umeongeza milimita 48 nje. Kwa ndani, ya zamani ni 63.5 jumlisha 10, yaani 73.5, na mpya ni 101.6, kwa hiyo umeongeza 28. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kumtumia muuzaji hata shilingi moja.

Usikosee hapa: upana wa tairi si ule ulioandikwa ubavuni tu. Tairi la 225/50R15 (upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 50 ya upana huo, rimu ya inchi 15) likikaa kwenye rimu ya 8J huvimba hadi karibu milimita 240. Hiyo 240 igawe mara mbili, toa ofseti kwa upande wa nje na uijumlishe kwa upande wa ndani, ndipo uilinganishe na nafasi uliyopima.

Urefu nao una maana. Gari lilitoka kiwandani na matairi ya 175 ya inchi 14. Tairi la 225/50R15 lina kimo cha milimita 606, na lile la 215/60R15 lina 639, ambalo linakaribia sana la zamani. Ukichagua fupi, gari linashuka na spidomita inasema uongo kwa kuzidisha. Kwa ajili ya mtu anayeendesha mjini na lami ya kwenda Lindi, la 50 linapendeza. Kwa mtu anayepanda Newala au anayepita njia za vumbi msimu wa korosho, mimi namshauri rimu ya 7J na tairi lenye ubavu mnene, hata kama fleya itabaki na nafasi kidogo. Na usikate springi ili gari lilale. Rimu pana na springi fupi kwenye matuta yetu ni njia ya kurudi gereji kila Jumatatu.

Kadiri ofseti inavyokwenda hasi ndivyo usukani unavyokuwa mzito, maana gari hili halina pawa stelingi, na ndivyo beringi za magurudumu zinavyobeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi.

3. Matundu na nati

Matundu ni manne kwenye duara la milimita 114.3. Hilo halisumbui. Kinachosumbua ni nati. Stadi za Datsun, yaani bolti za habu zinazopokea nati, zina uzi wa M12 × 1.25 (unene milimita 12, kila mzunguko milimita 1.25), na nati zilizojaa madukani kwetu ni za Toyota, M12 × 1.5. Zinaanza kuingia vizuri, mzunguko mmoja, miwili, halafu zinakaza, na kijana mwenye wili spana ndefu anadhani ni kutu. Anapomaliza, stadi imekufa. Anza kila nati kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, itoe.

Nati ihesabiwe pia mizunguko: isipungue tisa au kumi kabla ya kukaza, ili uzi ulioshika ukaribie unene wa stadi. Spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu, ikikula mizunguko hiyo, badilisha stadi ziwe ndefu au achana na spesa. Na angalia kiti cha nati kwenye rimu: nati ya koni haikai kwenye rimu iliyotengenezwa kwa nati ya washa bapa, hata ukikaza namna gani.

4. Valisha gari bila springi

Hii ndiyo hatua mafundi wengi huiruka. Toa springi kwa kutumia kibanio cha springi kilicho kizima, si waya wala kamba. Springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya. Rudisha shokapu bila springi, funga rimu na tairi, kisha pandisha gurudumu kwa jeki hadi lifike mwisho wa safari yake kwenye mpira wa kuzuia. Hapo unaona hali mbaya kuliko zote ambazo gari litawahi kukutana nazo barabarani.

Kwa mbele, zungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, gurudumu likiwa juu, katikati na chini. Pale ambapo jicho halifiki, bandika vidonge vya unga wa ngano uliokandwa mgumu, ushushe na kupandisha, kisha uvipime unene. Mimi nataka zisipungue milimita 10 kati ya tairi na chochote cha sasipensheni, na 15 kati ya tairi na bati. Mpira hupinda kona ikikatwa kwa kasi, na vipimo vya gari lililosimama havijui hilo.

Chora kwa chaki sehemu zote zinazogusa. Alama hizo ndizo zinazokuambia ukate wapi. Fleya inafuata baadaye kufunika.

5. Kuchora

Bandika tepu ya karatasi pana kuzunguka tao. Shikilia fleya mahali pake, mtu wa pili akiwa amesimama mita nne nyuma akiangalia. Pima kutoka sakafuni, kutoka ukingo wa mlango na kutoka mstari wa ubavuni, kisha uhamishie vipimo hivyo upande wa pili. Macho ya watu yanaona kasoro ya milimita tatu kati ya kulia na kushoto, hasa ukisimama nyuma ya gari. Chora ukingo wa nje wa fleya, weka alama za bolti, halafu chora mstari wa kukata ukiwa angalau milimita 20 ndani ya mstari wa bolti. Bolti inahitaji bati zima la kushika.

Laza gari usiku huo. Asubuhi uangalie tena ukiwa na macho mapya, kabla ya kuwasha grenda.

6. Kukata

Madigadi ya mbele ni rahisi. Yamefungwa kwa bolti, ni bati moja, na ukiharibu unaweza kutafuta jingine. Kata kwa diski nyembamba ya milimita moja, kidogo chini ya mstari, umalizie kwa tupa.

Nyuma ni habari nyingine. Kabla ya cheche yoyote, toa waya wa betri, toa tangi la mafuta na upeleke mbali na uwanja. Kwenye 240Z tangi liko chini ya sakafu ya nyuma, na mdomo wa kujazia uko madigadi ya nyuma kulia. Bomba lake linapita jirani kabisa na mahali utakapokata. Bandua pia lami ya kuzuia kelele iliyo ndani, maana ikishika moto inawaka polepole bila wewe kuona. Weka ndoo ya mchanga, matambara mabichi na mtungi wa kuzimia moto, na awepo mtu ambaye kazi yake ni kuangalia upande wa ndani tu wakati wewe unachomelea nje.

Bati la nje na la ndani hukutana pale kwenye ukingo, na muungano huo unasaidia kubeba gari. Ukikata yote mawili na kuacha wazi, umefungua sanduku: maji, mchanga na chumvi vitaingia moja kwa moja ndani ya kuta. Kwa hiyo kata bati la nje peke yake kwanza, kwenye mstari. Bati la ndani litakuwa limeachwa refu. Lipasue kwa mikato midogo ya kusimama, kila baada ya milimita 25 hivi, lipate vidole. Gonga kidole kimojakimoja kwa nyundo, ukikiinua hadi kilale vizuri kwenye bati la nje. Pasipofika, kata kipande cha bati la unene uleule, karibu milimita 0.8, uzibe.

Kabla ya kuchomelea paka praima ya zinki kwenye nyuso zinazokutana. Kisha chomelea kwa mashine ya MIG na waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8, nukta moja hapa, nyingine upande wa pili wa tao, unapumzika, unarudi katikati. Ukiongoza mstari mrefu kwa mkupuo bati litakunjamana kama karatasi iliyolowa, na puti haitakuokoa. Mzee mmoja tuliyemwomba aje atusaidie alimwambia kijana wetu, "Mwanangu, bati halina haraka, haraka unayo wewe." Kazi ya siku moja ikawa siku mbili, na bati likabaki limenyooka.

7. Kuziba, hapa ndipo gari linapopona au kufa

Panga kazi ya bati wakati wa ukavu, kati ya Juni na Oktoba. Hata hivyo usidanganywe na jua. Bati lililosuguliwa likang'aa saa kumi jioni, ukiliacha wazi usiku kucha karibu na bahari, asubuhi utalikuta limevaa rangi ya chai. Kutu hiyo changa hailingani na vumbi, haifutwi kwa kitambaa. Ukipaka rangi juu yake umeifungia ndani.

Ratiba yangu ni hii. Asubuhi nasubiri umande ukauke. Naosha eneo kwa maji ya bomba ya kutosha kuondoa chumvi, nakausha kwa kompresa na jua. Nasugua kwa msasa wa 80, nafuta kwa thina safi na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kibaki cheupe. Palipo na vitundu vya kutu napaka dawa yenye asidi ya fosforiki, nasubiri kama kopo linavyoelekeza, naosha, nakausha tena. Kisha praima ya epoksi, makoti mawili, na yote hayo yawe yamekwisha kabla jua halijazama. Usiguse bati kwa mikono mitupu katikati ya kazi. Jasho letu nalo lina chumvi.

Epoksi ikikauka, jaza muungano wote kwa silanti ya bodi (gundi ya kuziba maungio ya bati), kwa nje na kwa ndani ya tao. Sisemi silikoni ya dirishani. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huamsha kutu juu ya chuma. Nimeona tao lililozibwa kwa silikoni hiyo likiwa jekundu chini yake kabla mvua za kwanza hazijaisha. Ukimaliza silanti, piga lami ya chini ya gari ndani ya tao, na kwenye kuta zenye uwazi pulizia nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, ukiingilia kwenye matundu ya ndani ya buti. Hakikisha matundu ya kutolea maji chini hayajazibwa na nta wala silanti.

8. Fleya zenyewe

Ukiagiza, zitakuja za faiba au plastiki. Ukitengeneza, tafuta fundi anayerekebisha boti za faiba, maana anaijua kazi kuliko fundi bodi wengi. Kibao cha mfano kinachongwa, kinapakwa nta mara kadhaa, kisha mkeka wa gramu 450 unalazwa matabaka mawili au matatu kwa rezini. Kigumishaji ni asilimia 1 hadi 2 ya rezini. Kwa joto letu kaa kwenye 1, la sivyo kopo litaanza kutoa moshi mkononi kabla hujamaliza tabaka la pili. Vaa miwani ya kufunga kabisa. Tone la kigumishaji hicho jichoni linaweza kukupofusha. Na unapokata faiba iliyokauka vaa barakoa na mikono mirefu.

9. Kufunga

Toboa fleya kwanza, tundu la milimita 3, kisha panua hadi 6.5 kwa bolti za M6, kila baada ya milimita 80 hadi 100. Tundu liwe na nafasi kidogo, kwa sababu faiba na bati haviongezeki sawa juani. Hamishia matundu kwenye bati moja baada ya jingine, ukianzia juu katikati, ukifunga kila bolti kwa mkono kabla ya kutoboa linalofuata. Kila tundu la bati lipakwe epoksi kwa brashi ndogo. Ndiyo, yote, hata kama yanafika arobaini.

Tumia bolti za stenlesi zenye washa za mpira au nailoni, na grisi kwenye uzi. Riveti za aluminiamu moja kwa moja kwenye bati hazifai huku kwetu: metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, moja inaliwa. Kati ya fleya na bati weka utepe wa mpira kuanzia juu hadi ubavuni. Ncha za chini usizizibe. Mchanga na maji vinahitaji mlango. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa bisibisi ya mkono, si ya umeme. Faiba hupasuka kimya.

10. Barabarani

Kaza nati kwa mtindo wa msalaba, kwa spana ya kupimia nguvu, kati ya Nm 80 na 90. Upepo wa tairi anzia psi 28. Peleka gari kwenye alaimenti. Kwa mbele kinachorekebishika bila vipuri vya ziada ni kuelekea ndani au nje kwa magurudumu, na nyuma hakuna cha kugusa, kwa hiyo ukiambiwa nyuma imerekebishwa uliza imerekebishwaje.

Weka mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 nyuma na mtu kiti cha abiria, uende Mikindani na kurudi, polepole kwenye matuta. Pita na chaki mpya kwenye fleya kwa ndani. Kaza nati tena baada ya kilomita 50, na tena baada ya 100, ambayo ni karibu safari moja ya Lindi. Kilomita 1,000 zikitimia, inua kila kona na utikise gurudumu juu na chini. Likicheza, beringi inataka kuangaliwa. Tairi lisitokeze nje ya fleya, kwa usalama wa mwenye pikipiki anayepita ubavuni na kwa mazungumzo mepesi na askari wa barabarani. Mtaarifu wakala wako wa bima kuhusu mabadiliko haya, na ukibadili rangi ya gari hakikisha kadi inalingana nayo.

Mvua za kwanza zikishanyesha, osha matao kwa maji baridi, kisha toa bolti moja ya chini kwenye kila fleya na uangalie ndani ya tundu kwa tochi. Likiwa la kijivu cha epoksi, paka grisi na urudishe. Likiwa na hudhurungi hata kidogo, fungua fleya nzima siku hiyohiyo.